Mpokeaji wa Mapigo ya Kampuni

Natega, wajukuu. Nina punda wangu, ngozi inang'aa kama sinia la harusi, lakini mifupa imekwisha. Namwogesha, nampakia mzigo, na siku atakayokufa atakufa vipande viwili, kimoja kitakwenda mbele, kimoja kitarudi nyuma. Ni nini?

Mmeshindwa. Nipeni mji. Na kwa kuwa nyinyi wenyewe mnapanga chumba kimoja na mji hamna, nitajichukulia nchi nzima, ile iliyo mbali, ambayo jina lake silitaji kwa sababu watu wake ni waungwana na Serikali yao ina masikio makubwa. Mtegaji akishapewa mji huusimulia, mnajua wenyewe. Jibu lilikuwa pikapu.

Katika nchi ile kila aliyejiweza kidogo alikuwa na pikapu ya aina moja, Shupavu. Kampuni iliyoitengeneza ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuuza magari, na iliruhusiwa kwa sababu ndiyo pekee iliyoomba kwa adabu, ikiwa na bahasha. Gari lenyewe halikuwa baya. Lilikuwa na taa kubwa, honi ya kukemea na rangi isiyochuja. Ubaya wake ulikuwa chini tu, kwenye chesisi, yale machuma mawili marefu ambayo gari zima hulala juu yake kama sisi tunavyoshikwa na uti wa mgongo. Hapo ndipo kutu ilipoingia.

Na kutu haikuletwa na mchawi. Nchi ile ilikuwa na vumbi, na Rais alikuwa hapatani na vumbi. Kila msafara wake ulipotaka kupita, magari ya zimamoto yalishinda yakimwagia barabara maji. Maji ya bomba hayakuwapo, wananchi walikuwa bado wanayasubiri tangu uhuru, kwa hiyo yakachotwa ya bahari. Na Rais alikuwa mtu wa kutembea sana. Ikafika mahali ukiiramba barabara kuu unapata mchuzi uliokolea.

Wa kwanza kukatikiwa alikuwa mzee Ngwali. Alikuwa amepakia nyuma kitanda cha bibi harusi pamoja na mashangazi wa bibi harusi, anapanda nao mlima. Katikati ya mlima gari likasema kraa. Kichwa kikaendelea kupanda. Nyuma kukateremka na kitanda na mashangazi, kukavuka soko la nyanya, kukaingia buchani. Shangazi mmoja alitua juu ya gogo la kukatia nyama wakati muuza nyama ameshaliinua panga, naye muuza nyama alikuwa mtu wa mazoea. Mkono ule wa shangazi waliuzika siku ileile, na yeye mwenyewe alihudhuria.

Mzee Ngwali, hana habari, alifika kwa bwana harusi akipiga honi. Watu wakatoka na vigelegele. Wakatazama nyuma ya gari: kitanda hakuna, mashangazi hakuna, nyuma yenyewe hakuna. Ndugu wa bwana harusi walimpiga mpaka akasahau ni nani aliyekuwa anaolewa.

Jioni redio ikatangaza kwamba hakuna pikapu iliyokatika. Kuna moja imejigawa kwa hiari, ili ihudumie wananchi wa pande mbili za mlima.

Kampuni nayo haikukaa kimya. Kwanza iligawa stika za kubandika kwenye boneti, zimeandikwa CHUMA HUKOMAA. Kisha ikagawa dawa ya kupuliza yenye harufu ya gari jipya. Magari yakaendelea kukatika, sasa yakinukia. Mwishowe, mbunge mmoja alipokatikiwa akiwa amelala ndani, miguu ikafika bungeni na yeye akabaki jimboni kwake, Kampuni ikaleta tiba ya kweli. Tiba hiyo ilikuwa nyundo.

Mkaguzi anaigonga chesisi kwa nyundo. Nyundo ikirudi, chesisi ni nzima, unapakiwa grisi nyeusi na kuambiwa asante. Nyundo ikipita, chesisi imeoza, unapewa mpya bure. Mimi niliishia darasa la nne na nilielewa mara moja. Tabu ilikuja kwa waliosoma.

Watu wa nchi ile, lazima niwaambie, wana mila moja nzuri. Mtu akikupiga, kwa hasira au kwa bahati mbaya, unalirudisha pigo lake kabla jua halijazama, ili msilale na kinyongo. Hapo zamani pigo lilirudishwa kwa vidole viwili, unamgusa mwenzio begani, anacheka, mnakunywa kahawa. Sasa wabunge wakaenda ng'ambo kujifunza wenzao wanavyotunza mila. Walirudi na masanduku mazito wakaitungia mila ile sheria: pigo lirudishwe kwa chombo kilekile, kwa uzito uleule, mahali panapolingana. Kuhusu vidole hawakuandika kitu. Wakapiga makofi, wakarudishiana makofi, ikapita.

Basi wakaguzi wa Kampuni, watu wa mbali wasiojua lolote, wakashuka na nyundo zao. Wa kwanza akagonga chesisi ya muuza mkaa, nyundo ikapita. Muuza mkaa akamshukuru, akamwomba ile nyundo, akampiga nayo kiunoni, akampa mkono wa heri. Mpaka jua linazama wakaguzi wote walikuwa wamelazwa, na wauguzi walisema hawajawahi kuona wagonjwa walioumizwa kwa upole namna ile.

Kampuni ikakasirika. Akainuka Waziri wa Vyuma, Utulivu na Sherehe, Mheshimiwa Lumbanga, mtu mnene mwenye sauti ya asali, akaipatanisha na mila.

"Mila haiwezi kuvunjwa," alisema redioni, "na wawekezaji nao hawawezi kuvunjwa. Kwa hiyo Serikali yenu sikivu imebuni cheo."

Natega tena. Ana mdomo halalamiki, ana mikono harudishi, na kila anayempiga anamwomba radhi. Mtasema ngoma. Ngoma haivai fulana ya kazi. Huyo ni Mpokeaji wa Mapigo ya Kampuni. Mkaguzi atagonga gari lako, na wewe utalirudisha pigo kwa Mpokeaji, na Kampuni itahesabiwa kuwa imepigwa.

Aliyepata cheo hicho aliitwa Pandu.

Pandu alikuwa mume wa Mize, na Mize ndiye mwenye pikapu. Alipoposwa alikataa dhahabu, akakataa makochi, akasema mahari yake ni Shupavu moja, na kadi iandikwe jina lake. Pandu alibeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukawa na sugu kama magoti ya ngamia, akaileta. Wakawa wanasomba maji ya kunywa kutoka visima vya bara, yeye anaendesha, mkewe anauza. Kisha ikatoka amri kwamba hakuna Shupavu kutembea mpaka ikaguliwe kwa zamu, na zamu yao ilikuwa mwisho kabisa. Pipa likakauka, na sufuria nalo. Pandu akaenda Kampuni kulalamika, akatoka na ajira. Mshahara ulikuwa mchele, maharage na fulana iliyoandikwa TUNAJALI.

"Kazi gani hiyo ya kupigwa?" Mize alimuuliza.

"Kazi ya ofisini," Pandu akasema. "Nakaa kwenye kiti."

Alikaa kwenye kiti kweli, uwanjani, pembeni ya foleni ya magari. Mkaguzi sasa alikuwa kijana wa hukohuko, Mgaza, aliyesomea ng'ambo, anayevaa glavu nyeupe. Utaratibu ulibandikwa ukutani. Chesisi ikitoboka mbele, Mpokeaji apigwe bega. Ikitoboka nyuma, kiuno. Katikati, kifua. Chesisi ikiwa nzima, Mpokeaji asiguswe. Katikati ya Shupavu ilikuwa ngumu kuliko kwingine, kwa hiyo kifua kilikuwa hakijaguswa, na Pandu alimshukuru Mungu kwa hilo.

Waliompiga walikuwa majirani zake. Siku moja ikawa zamu ya Bi Mtumwa, nyumba ya pili kutoka kwao. Gari lake lilikuwa limetoboka mbele.

"Pandu, shemeji yangu, unisamehe."

"Piga tu shemeji, watu wako kwenye foleni."

"Na mwambie Mize sinia lake ninalo. Nitalileta kesho."

Akapiga. Bega likalia kama ukuni mkavu.

"Haijatosha," Mgaza akasema. "Nyundo ya Kampuni ilipita. Hii yako imebisha hodi tu. Ukishindwa, chesisi unaikosa."

Bi Mtumwa akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akashika mpini kwa mikono miwili. Safari hii bega halikulia. Lilishuka, likaenda kukaa chini ya mahali pake.

"Lakini sinia ni zima," akasema.

"Nitamwambia," akasema Pandu, halafu akazirai.

Ndivyo ilivyokuwa kutwa, isipokuwa Ijumaa walianza baada ya swala. Muuza mkaa, ambaye gari lake lilikaguliwa upya, alimvunja kiuno upande mmoja, na mwalimu wa shule, aliyekuwa mtu wa haki, akamvunja upande wa pili ili asimame sawa. Seremala alimpiga amefumba macho, akamkosa, akampiga goti, na kwa kuwa goti halikuwa kwenye utaratibu, ikabidi arudie. Jioni Pandu alirudishwa nyumbani kwa toroli, amekumbatia mfuko wa mchele, akicheka kwa upande wa mdomo uliobaki na meno.

Wiki moja kabla ya zamu yao, Mgaza alipita nyumbani kwao alasiri kulitazama gari. Hakuinama sana. Alipitisha kidole katikati ya chesisi, kidole kikazama, kikafuatwa na mkono mpaka kwenye kifundo. Akautoa, akaitazama glavu yake iliyogeuka rangi ya tumbaku.

"Hongera mama," alimwambia Mize. "Katikati pamekwisha kabisa. Mtapata chesisi mpya."

"Katikati ni kifua."

"Ndiyo, kifua."

"Na mume wangu mbavu zake ziko nje nje. Nikimpiga pale na nyundo ile, ananifia."

"Hilo ni suala la utumishi, mimi niko upande wa magari."

"Nikisema siitaki tena hiyo chesisi?"

Mgaza akamtazama kwa huruma, kama watu waliosoma wanavyotutazama sisi. "Kukataa tiba ni kuipiga Kampuni usoni, mama. Na hilo pigo nalo litarudishwa. Upande wa raia hakuna Mpokeaji, kwa hiyo utalipokea wewe mwenyewe, usoni."

Mize akaingia ndani. Pandu alikuwa amelala mkekani, amesikia yote.

"Utapiga," akasema. "Tena usilegeze mkono. Atakwambia urudie, na ya pili ndiyo inayouma."

"Nikuue wewe nipate chuma?"

"Chesisi mpya, Mize. Inakaa, ile. Utasomba maji mpaka uzeeke."

"Nitasomba na nani?"

Pandu akajipapasa kifua. "Halafu mbavu zenyewe hizi, Mgaza hata nyundo hahitaji. Kidole kinapita."

"Usinichekeshe, mwanamume wewe, nafunga bandeji."

Wakacheka, na alipocheka damu ikamtoka puani, Mize akaifuta kwa kiganja chake.

Asubuhi, Pandu alipopakiwa kwenye toroli kwenda kupigwa, Mize aliitoa saruji iliyobaki walipojenga choo. Akachanganya na kokoto, akalala chali chini ya gari, akaishindilia chesisi kwa mikono, mbele, nyuma na katikati, konzi kwa konzi, mpaka ikashiba. Juu yake akapaka masizi ya sufuria kwa mafuta ya taa. Zege likakauka kwa jua la juma lile. Miezi yote walikuwa wanaomba Mungu gari lionekane limeoza. Sasa Mize alikuwa anaomba lionekane zima, wapakiwe ile grisi nyeusi, waambiwe asante, waende zao. Mumewe hakumwambia, kwa sababu Pandu alikuwa hajui kusema uongo na Kampuni ilimwajiri kwa sifa hiyo.

Siku ikafika. Kwa kuwa pikapu ile ndiyo ilikuwa ya mwisho, ikawa ni kilele, na kwenye kilele lazima awepo mgeni rasmi. Waziri Lumbanga akaja na bendi, na katibu wake, na askari wawili wa kumshikia mwavuli. Watu wote wenye Shupavu wakaja, waliopata chesisi na waliopata grisi.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema, "ziko nchi zina kutu lakini hazina nyundo. Ziko nchi zina nyundo lakini hazina wa kupiga. Sisi tumejaliwa vyote. Na leo, mke atampiga mume wake mbele ya Serikali, kwa amani. Wapi kwingine mtaona utulivu wa namna hii?"

Bendi ikapiga. Pandu akakalishwa kwenye kiti chake, kifua wazi, kimefungwa bandeji. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali. Mgaza akapiga goti, akavuta glavu zikae vizuri, akairudisha nyundo nyuma ya bega, akaipeleka katikati ya chesisi kwa nguvu zake zote, kwa kuwa alikuwa anategemea ipite.

Nyundo haikupita. Iligonga zege, ikarudi ilikotoka, ikamkuta njiani. Taya lilihamia karibu na sikio. Meno yalitoka kama punje zinapopukuchuliwa, moja likaingia kwenye tarumbeta, na mpigaji, ambaye alikuwa ameshavuta pumzi, akalipuliza likamtoboa shavu mpiga ngoma. Mgaza akalala chini, glavu kifuani, kama mtu aliyemaliza kazi.

Pandu peke yake ndiye aliyesema.

"Imerudi," akasema. "Mke wangu, imerudi. Ni nzima."

Mize akamshika mkono, akamwinua kitini. "Twende nyumbani," akamwambia kwa sauti ndogo. "Twende sasa hivi, grisi watapaka siku nyingine."

Hawakufika mbali. Waziri alikuwa ameinua kidole.

"Subirini kidogo. Nani mwenye gari?"

"Mimi, Mheshimiwa," Mize akajibu.

"Gari lako limempiga mkaguzi. Mkaguzi ni Kampuni. Kwa hiyo raia ameipiga Kampuni, na pigo lazima lirudi kabla jua halijazama. Uzito uleule, chombo kilekile, mahali palepale. Taya." Akamtazama Mgaza pale chini. "Kampuni haiwezi kusimama kwa sasa. Nitairudishia mimi, kwa niaba yake, kama ishara ya ushirikiano."

Akavua koti, katibu akalipokea. Askari wakamshika Mize mikono, mmoja huku, mmoja huku, wakauacha mwavuli uanguke. Wapiga picha wakasogea. Waziri akaokota nyundo, akaipima uzito, akashangaa.

"Mheshimiwa," Pandu akasema. Alikuwa amejiburuta mpaka mbele ya mkewe. "Mpokeaji ni mimi."

"Wewe unapokea kwa niaba ya Kampuni. Huyu ni raia."

"Mimi nimeajiriwa kupokea mapigo, Mheshimiwa. Hawakuniambia nichague."

"Pandu, toka hapo," Mize akasema. "Toka, baba, taya si kitu, nitakula uji."

"Nyamaza, mke wangu. Niko kazini."

Waziri akafikiri, akaona hoja ina mantiki, tena picha itapendeza. Akainua nyundo. Lakini mtu yule alikuwa hajawahi kupiga kitu chochote maishani mwake isipokuwa meza, na taya hulilengi kama meza. Nyundo ilipita mbali na taya, ikashuka chini, ikaingia kifuani. Iliingia kama ilivyokuwa ikiingia kwenye magari. Pandu akasema neno moja ambalo halikusikika, akaegemea magoti ya mkewe, akateleza, akabaki chini.

"Tumemaliza," Waziri akasema, anafuta mikono kwa leso. "Mnaona? Bila fujo."

Wale askari wakamwachia Mize, maana hapakuwa tena na sababu ya kumshika. Akapiga magoti, akaweka sikio juu ya bandeji. Akakaa hivyo muda mrefu, uso umeelekea upande wa watu, na watu walikuwa wanasoma kwenye uso ule anasikia nini. Hakuwa anasikia kitu. Akamfumba macho, akaitoa nyundo, akasimama nayo.

"Mheshimiwa," akasema, "umempiga mume wangu. Na jua bado liko pale."

Waziri akacheka kidogo. "Mama, mimi nimepiga kwa niaba ya Kampuni. Mapigo ya Kampuni yana mahali pake." Akamgeukia katibu. "Mwiteni Mpokeaji."

Katibu akamsogelea sikioni. "Mheshimiwa, Mpokeaji ndiye huyo hapo chini."

"Mwingine."

"Hakuna mwingine. Bajeti iliruhusu mmoja."

"Basi itangazeni nafasi. Wananchi si wako hapa?"

Katibu akashika kipaza sauti, akatangaza. Anahitajika Mpokeaji wa Mapigo ya Kampuni, mwenye afya njema, uzalendo na mifupa yake mwenyewe. Kazi inaanza leo hii. Atapewa mchele, maharage na fulana.

Muuza mkaa akatazama chini. Mwalimu akatazama chini. Seremala alikuwa ameshafumba macho. Bi Mtumwa alimtazama Pandu, akatazama mikono yake mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua moja. Wengine nao wakarudi nyuma, wale askari wawili wakiwemo, taratibu, bila kusukumana, kama watu wanavyompisha mwenzao anayetaka kupasua kuni. Nafasi ikapatikana katikati ya uwanja, ya duara, na ndani yake walikuwa watu wawili waliosimama.

"Ndugu wananchi," Waziri akaanza.

"Simama vizuri, baba," Mize akamwambia. "Usinifanye nirudie."

Nafasi ile ya kazi, wajukuu zangu, ilijazwa kabla ya magharibi, na aliyeijaza alikuwa na sifa zote zilizotajwa, ingawa hakuwa ameomba.